Nyama za puani: dokta mmoja kasema tukate, mwingine kasema tusubiri

Mwezi huu maswali ya nyama za puani yamekuwa mengi mpaka nimeamua niyaweke pamoja, maana ukiyasoma unaona karibu wote mnauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: tutoe au tusitoe? La Mama Naima nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna ya wengi, mengine nimeyapitia harakaharaka.

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka minne na miezi miwili, tangu mwaka jana anakoroma kama mtu mzima, analala mdomo wazi na hata mchana mdomo uko wazi tu, makamasi hayaishi. Tulipiga eksirei ya shingo wakasema nyama za puani zimeziba njia asilimia 80. Dokta wa kwanza kasema operesheni, tena tusichelewe. Tukaenda kwa wa pili akatuandikia dawa ya kupuliza puani, akasema turudi baada ya miezi mitatu. Baba yake anataka akatwe yaishe, mimi nikisikia neno nusu kaputi magoti yanaisha nguvu kabisa. Sasa hapo nani mkweli? Mama Naima

JIBU: Marahaba mama Naima. Inawezekana wote wawili wako sahihi, najua hilo silo jibu ulilokuwa unalingoja ila nivumilie kidogo.

Kwanza hiyo asilimia 80 isikukoseshe usingizi peke yake. Eksirei ni kivuli cha sekunde moja, mtoto akiwa analia au anameza mate wakati picha inapigwa kaakaa linapanda juu na njia inaonekana imebana kuliko ilivyo, na akiwa na mafua siku hiyo ndo kabisa. Kamera ile nyembamba inayopitishwa puani inaonyesha vizuri zaidi, lakini hata hiyo kamera inakwambia ukubwa tu, haikwambii mtoto analalaje. Kuna mtoto nyama zake ni kubwa na analala fofofo, na kuna mwenye za wastani ila usiku mzima anapigana na pumzi, kwa sababu njia yake yenyewe ni nyembamba au mafindofindo nayo yamevimba. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha akasema "kubwa, tukate" bila kuuliza habari za usiku, mwulize wewe.

Hizi nyama kila mtoto anazo, siyo uvimbe wala siyo saratani, ni sehemu ya kinga ya mwili iliyokaa nyuma kabisa ya pua juu ya kaakaa laini. Ndo maana mtoto akifungua mdomo wewe huzioni, yale mawili ya pembeni ni mafindofindo na kile kinachoning'inia katikati ni kimio, vitu vingine kabisa hivyo. Zinakua tangu uchanga, zinakuwa kubwa zaidi kati ya miaka mitatu na saba hivi, halafu zinaanza kusinyaa zenyewe na mtoto akifika ujanani mara nyingi zimebaki kidogo sana. Naima wako yuko katikati ya kipindi kibaya. Anayekwambia usubiri anategemea hilo, kwamba muda uko upande wenu, na anayesema mkate anaogopa kwamba miaka mitatu ya kulala vibaya kwa mtoto wa miaka minne ni mingi mno, na ubongo na mwili wake vinakua sasa hivi.

Kwa hiyo swali la kujibu siyo zina ukubwa gani, ni zinamfanya nini Naima. Na jibu hilo unalo wewe kuliko sisi madokta, maana sisi tunamwona mchana dakika kumi akiwa ameshika toi na wewe unalala naye.

Fanya hivi. Usiku tatu au nne tofauti, wakati hana mafua, mfunue kifua umrekodi na simu dakika mbili tatu, sauti iwe wazi. Usirekodi saa tatu usiku peke yake alipoanza kulala, amka pia saa kumi alfajiri umrekodi tena, kwa sababu watoto hukwama pumzi zaidi kwenye ule usingizi wa ndoto, na huo unakuwa mwingi kuelekea asubuhi, yaani mzazi anaangalia saa nne usiku anaona mtoto mzima tu anarudi kulala kumbe shughuli yenyewe iko alfajiri. Unachotafuta siyo ukubwa wa koromo. Tafuta kimya. Koromo linakatika ghafla, kifua bado kinavuta lakini hewa haiingii, halafu anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Angalia kama shimo la juu ya kifua na mbavu zinabonyea ndani akivuta, kama anakunja shingo nyuma, kama analowa jasho, kama anakaa kitako kulala, na kama alishaacha kukojoa kitandani halafu ameanza tena.

Mchana nako kuna dalili zake, ila zinadanganya. Mtu mzima asipolala vizuri anasinzia, mtoto mara nyingi ni kinyume, anakuwa na fujo, hatulii, analia kwa kitu kidogo, na watu wanasema amedekezwa. Kama chakula anakula lakini kilo haziongezeki, liandike. Kama kila ukimwita anasema "eeh?" au anasogelea TV, liandike pia.

Ukiona hicho kimya kinajirudia, nenda na hizo video kwa dokta wa masikio, pua na koo uombe kipimo cha usingizi, kile cha kulala usiku mzima na waya mwilini. Kama hakipatikani kuna kile cha kidoleni kinachopima oksijeni usiku kucha, siyo kizuri kama kile lakini kikionyesha oksijeni inashuka mara kwa mara hiyo ni habari kubwa. (Kikiwa kizuri hakifuti tatizo moja kwa moja, hilo wengi hawaambiwi.) Na kama ndivyo ilivyo, basi baba Naima ana hoja. Mwongozo wa chama cha madokta wa watoto Marekani wa mwaka 2012 unasema mtoto anayekwama pumzi usingizini na ana nyama na mafindofindo makubwa, operesheni ndiyo matibabu ya kwanza, kama hakuna sababu ya kuizuia.

Ila hata hapo kuna utafiti ninaoupenda kwa sababu hauwapi ushindi mtupu wala wa huku wala wa kule. Ulitoka 2013 Marekani, watoto 464 wa miaka mitano hadi tisa wenye tatizo la kukwama pumzi usingizini, wale wenye hali kali sana hawakuingizwa, nusu wakatolewa nyama na mafindofindo mapema na nusu wakaangaliwa tu kwa karibu. Baada ya miezi saba waliokatwa, asilimia 79 kipimo chao cha usingizi kilirudi kawaida. Wasiokatwa je? Asilimia 46. Yaani karibu nusu walipona kipimo bila kisu! Kwenye mtihani wa umakini hawakutofautiana kwa maana, lakini tabia, dalili za usiku na hali ya maisha kwa jumla ilikuwa nzuri zaidi kwa waliokatwa. Naima ni mdogo kuliko watoto hao kwa hiyo usiuchukue kama kipimo chake, uchukue kama sababu ya kutokimbizwa na mtu kama usiku wake siyo mbaya.

Sasa kama video zinaonyesha koromo tu na mdomo wazi, hakuna kimya, anakua vizuri na anasikia vizuri, mimi ningekuwa upande wa dokta wa pili. Dawa ya kupuliza ya steroidi, mometasone au fluticasone, inazipunguza nyama kwa watoto wengi na hasa mwenye aleji, ila siyo panadoli, haifanyi kazi leo. Inataka kila siku kwa wiki kadhaa, na wazazi wengi wanaokuja kuniambia "dawa ilishindwa" nikiwauliza wanapuliza vipi nagundua dawa haikuwahi kufika. Safisha pua kwanza kwa maji ya chumvi, afute kamasi. Kichwa kiinamie mbele kidogo, siyo nyuma. Ncha ielekee upande wa nje, kama unalenga sikio la upande huohuo, usielekeze katikati kwenye ule ukuta wa pua maana hapo ndipo panapochubuka na kutoa damu. Mwambie asivute kwa nguvu, ikishuka kooni ameimeza tu. Jina la steroidi lisikutishe, kipimo cha puani ni kidogo na kinachoingia mwilini ni kidogo sana, ila muda wa kuitumia apange dokta anayemwona, usijiongezee mwenyewe. Na tafadhali usichanganye na zile dawa za kuzibua pua papo hapo, zile ukizidisha siku chache pua inaziba zaidi kuliko mwanzo.

Kusubiri bila tarehe ni kusahau. Miezi mitatu uliyopewa iweke kwenye kalenda, andika leo anakoroma usiku mara ngapi kwa wiki, uandike tena siku ya kurudi. Na kabla ya tarehe hiyo kusubiri kunakufa ukiona kimya kile kinaanza au anaacha kuongezeka kilo. Akibadilika rangi midomo au akihangaika kupumua hata akiwa macho, hapo siyo habari ya tarehe, mpeleke dharura muda huohuo.

Kuhusu nusu kaputi, magoti yako nayaelewa. Operesheni yenyewe inapita mdomoni, hakuna kovu usoni, ni kama dakika 20 hadi 30 na watoto wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Aliye chini ya miaka mitatu au anayekwama sana pumzi inafaa alale hospitali aangaliwe. Kinachopunguza hatari zaidi ni mambo utakayosema wewe kabla: kama alikuwa na mafua au homa wiki mbili zilizopita (hapo wataahirisha, usikasirike), kama kuna jino linalegea, kama kwenye ukoo kuna mtu anayevuja damu sana akikatwa au aliyepata shida na nusu kaputi, na kwamba anakoroma na kukwama. Masaa ya kukaa na njaa mtapewa, msimwonee huruma mkampa hata biskuti. Na dawa ya maumivu yenye kodeini mkipewa kataeni, Marekani ilishaipiga marufuku kwa watoto baada ya operesheni hizi tangu 2013 kwa sababu miili ya watoto wengine inaigeuza haraka mno na pumzi inazimika.

SWALI: Dokta habari. Mwanangu ana miaka mitano, mwalimu analalamika hasikilizi, tukapima masikio wakasema yana maji ndani pande zote mbili na yamekaa zaidi ya miezi minne. Wanataka kuweka vimirija masikioni na kutoa nyama za puani kwa pamoja. Masikio na pua wapi na wapi? Baba Kulwa

JIBU: Swali zuri na lina historia. Dokta mmoja wa Copenhagen, Wilhelm Meyer, mwaka 1868 ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza kwa uwazi kuhusu nyama hizi, na kilichomvuta ni watu waliokuwa na pua imeziba na masikio hayasikii vizuri kwa wakati mmoja. Kuna mrija unaotoka sikio la kati na kufungukia nyuma ya pua, palepale nyama zilipokaa. Zikivimba au zikijaa vijidudu mrija unashindwa kupitisha hewa, majimaji yanabaki nyuma ya ngoma ya sikio, hayaumi wala hayatoi homa, mtoto anasikia tu kama mtu aliyezama kwenye maji. Halafu anaambiwa mkaidi.

Kwa wenu umri unasaidia kuamua. Mwongozo wa madokta wa masikio na koo wa Marekani wa 2016 unasema maji hayo yasubiriwe miezi mitatu kwanza, usikivu upimwe, na kama ni operesheni basi aliye chini ya miaka minne awekewe vimirija tu, nyama zisiguswe labda ziwe zina kosa lao jingine kama pua kuziba au usaha usiokwisha. Kuanzia miaka minne, kutoa nyama, kuweka vimirija au vyote viwili ni njia zinazokubalika. Wako ana mitano na miezi minne imeshapita, kwa hiyo hawakuzulii. Ninachotaka muulize ni kipimo cha usikivu kilisoma ngapi, kama hakikufanyika kifanyike kabla ya kisu. Na mwalimu aambiwe leo amkalishe mbele, hilo halingoji operesheni.

SWALI: Mwanangu dokta, mimi ni bibi. Mjukuu ana miaka miwili, tangu aanze kwenda kwenye kituo cha watoto kila mwezi mafua, kila mwezi antibaotiki. Hakoromi sana ila jirani kasema akitolewa nyama za puani mafua yanaisha moja kwa moja. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo bibi. Jirani ana nia njema ila hapana. Uholanzi walijaribu hilihili, wakachukua watoto 111 wa mwaka mmoja hadi sita wanaougua mafua na vikohozi mara kwa mara, wengine wakatolewa nyama na wengine wakasubiri, matokeo yakatoka 2011: hapakuwa na tofauti ya maana, na wote walipungua kuumwa kadiri walivyokua. Mtoto akianza kukaa na wenzake wengi anakutana na virusi vyote kwa mkupuo, ndo kinga inavyosoma shule. Kinachonisumbua mimi kwenye barua yako ni hizo antibaotiki za kila mwezi, mafua ya virusi hayasikii antibaotiki hata kidogo. Akianza kukwama pumzi usiku au masikio kumsumbua tuongee tena.

SWALI: Nyama ni kinga, tukiitoa si tunamwacha mtoto uchi? Nilisoma kuna utafiti wa Denmark unasema wakikua wanaugua mapafu.

JIBU: Upo, wa 2018, waliangalia rekodi za watoto karibu milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1979 na 1999, na waliotolewa nyama au mafindofindo kabla ya miaka tisa walionekana baadaye kuugua zaidi magonjwa ya njia ya hewa. Lakini zile ni rekodi tu, hakuna aliyewagawa watoto kwa bahati nasibu nani akatwe na nani asikatwe. Aliyekatwa mara nyingi ndiye aliyekuwa anaumwa tangu mwanzo, na ingawa wale watafiti walijaribu kurekebisha hilo huwezi kulirekebisha lote. Pia kinga ina vituo vingine vingi, mafindofindo, nyuma ya ulimi, tezi za shingo, kazi inaendelea. Mimi nausoma utafiti huo hivi: haunizuii kumkata mtoto anayekwama pumzi, ila unanizuia kumkata anayekoroma tu ili mama apumzike kelele.

SWALI: Tuliandikiwa montelukast ya kutafuna (ile dawa ya aleji na pumu) wakati tunasubiri, mtoto kaanza kuota ndoto mbaya na kuamka anapiga kelele. Inahusiana?

JIBU: Inaweza. Mpigie aliyekuandikia leo, usingoje siku ya kliniki. Mamlaka ya dawa Marekani mwaka 2020 iliipa onyo la juu kabisa kwa sababu ya mabadiliko ya tabia na akili, yakiwemo ndoto mbaya, na ikashauri kama ni aleji ya pua tu isitumike ila pale dawa nyingine zimeshindwa. Inasaidia baadhi ya watoto wenye nyama, sikatai, lakini mzazi anatakiwa aambiwe hilo kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

SWALI: Wa kwangu katolewa wiki mbili sasa. Harufu ya mdomo ilikuwa mbaya mno imeanza kuisha, ila anaongea kama sauti inatokea puani na jana maji aliyokunywa yametokea puani. Na je, zinaota tena? Shangazi mtu

JIBU: Harufu ni kidonda kinachopona, wiki moja hadi mbili ni kawaida. Sauti na maji ni kwamba zile nyama zilikuwa kama mto ambao kaakaa lilikuwa linaegemea kuziba njia ya pua akimeza na akiongea, sasa mto umeondoka na kaakaa linajifunza kufika mbali zaidi, kwa wengi inarudi yenyewe ndani ya wiki chache. Mfungue mdomo kwenye mwanga uangalie kimio, kama kimegawanyika ncha mbili mwambie dokta, hiyo inaweza kuwa dalili ya kaakaa lenye mpasuko uliojificha chini ya ngozi, na kwa kweli hilo linatakiwa liangaliwe kabla ya operesheni siyo baada. Ikipita miezi mitatu na maji bado yanatokea puani, aonwe na dokta aliyemfanyia na mtaalamu wa matamshi. Damu mbichi ikitoka puani au mdomoni siku yoyote, hospitali moja kwa moja.

Kuota tena, ndiyo inatokea, hasa kwa aliyekatwa akiwa mdogo sana, kwa sababu nyama hazina ganda la kuzivua zikatoka nzima kama tunda, mabaki kidogo yanabaki. Wachache wao ndio wanarudi kukatwa tena, wengi mabaki hayo yanasinyaa na umri kama ambavyo yangesinyaa yote.